Noah imechemsha Mlima Nyoka, gereji wanataka 4,230,000. Nitoe au niulize kwingine kwanza?

#1 Mama_Pacha_Uyole
Habari wakuu. Naenda moja kwa moja maana kesho mchana natakiwa kupeleka hela.

Nina Noah ile AZR60, injini 1AZ-FSE wanayoita D4. Wiki iliyopita natoka Igurusi na gunia 6 za mchele na watu wanne, nilivyoanza kupanda Mlima Nyoka mshale wa joto ukapanda nao, nikasema ngoja nijikaze nifike Uyole, haikufika. Nikapaki pembeni moshi mweupe unatoka mbele, tumekaa kama saa nzima, tukaongeza maji nusu ndoo tukatambaa mpaka nyumbani. Kesho yake ikawaka vizuri tu, nikaenda nayo siku mbili bila shida, siku ya tatu naangalia maji yamepungua tena na chini hakuna hata tone.

Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, kubwa, ina geti na ofisi. Wakachomeka mashine, wakazunguka zunguka, baada ya dakika 40 hivi nikapewa karatasi:

Injini ya mtumba 2,800,000
Rejeta 380,000
Wota pampu 150,000
Taimingi belti 120,000
Oili, filta na kulanti 180,000
Ufundi 600,000
Jumla 4,230,000, nusu kwanza

Wanasema thredi za bolti za hedi zimekufa, yaani zile nyuzi ndani ya bloku (mwili wa injini) zinazoshika bolti za hedi, kile kipande cha juu, bloku haifai tena. Fundi wa jirani yangu aliyeiangalia anasema ni gasketi tu, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku, imeungua, nimpe 450,000 anamaliza pamoja na kuskimu, yaani kusawazisha uso wa hedi. Sasa wakuu, 450,000 na milioni nne na kitu kwa gari moja! Hela yenyewe naikopa VICOBA, nikikosea sina ya kurudia. Nani nimwamini, na nikitaka kuiondoa pale gereji bila ugomvi naanzaje?

#2 Kijana_wa_Kabwe
Uza hiyo kitu nunua IST dada. D4 ni mkosi.

#3 Nzovwe_Dada
Pole sana mama pacha. Usipeleke hela kesho. Nakuomba kabisa, usipeleke. Nitaandika yangu baadaye nikitoka kazini, ila kwanza jibu hili: hiyo gereji waliifungua injini au hawakufungua?

#4 Mama_Pacha_Uyole
@Nzovwe_Dada hawakufungua. Walichomeka mashine chini ya usukani, wakamulika tochi nyuma ya injini, basi. Nikauliza mmejuaje thredi zimekufa akasema ni uzoefu.

@Kijana_wa_Kabwe mdogo wangu IST itabeba gunia ngapi?

#5 Mtumba_Orijino
Hapo kwenye taimingi belti ndio pameniuma. 1AZ haina taimingi belti, ina cheni. Mtu anakuandikia 120,000 ya kitu ambacho kwenye hiyo injini HAKIPO alafu unataka umpe milioni mbili za mwanzo? Mimi nauza spea miaka 11, nikiona karatasi ya hivyo najua mwandishi aliandika kwa mazoea au aliandika kwa njaa. Toa gari leo leo.

#6 Kamwene_Ipogolo
Kamweneee. @Mtumba_Orijino umewamaliza hapo. Hongera kwa jicho.

#7 Fundi_Sae
Tuwe wa haki kidogo. Mimi ni fundi na hiyo gereji siijui, ila nawaambia karatasi nyingi haziandikwi na fundi, zinaandikwa na dada wa ofisini anayesikia "belti" anaandika "taimingi belti". Hiyo gari ina mkanda wa nje unaozungusha wota pampu na altaneta, ukibadili pampu unabadili na mkanda, ni jambo la kawaida. Inawezekana walimaanisha huo. Ingawa 120,000 kwa mkanda wa nje ni nyingi, hapo siwatetei.

Na la thredi sio uongo wa kutunga. 1AZ na ndugu yake 2AZ za miaka ile ugonjwa wao unajulikana kila mahali. Bloku ni aluminiamu, thredi za bolti za hedi za upande wa nyuma, ule wa ukutani, zinachomoka na nyuzi zake. Bolti inalegea, hedi inanyanyuka kidogo injini ikipata moto, maji yanapenya nyuma. Joto linayakausha hapo hapo, ndio maana dada hajaona tone chini. Toyota wenyewe matoleo ya baadaye waliongeza urefu wa thredi. Kwahiyo fundi akimulika tochi nyuma akaona chumvi chumvi nyeupe au ya pinki kwenye maungio ya hedi na bloku, ana haki ya kuhisi.

Kuhisi lakini. Kuthibitisha mpaka ufungue au upime.

#8 Mtumba_Orijino
@Fundi_Sae sawa nakubali la mkanda wa nje linawezekana, sikuwaza hilo. Ila pampu kwa 150,000 na mkanda 120,000 bado hainiingii.

#9 Mzee_wa_Viazi
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Niko Makambako. Mimi swali langu ni moja, kama ugonjwa wa 1AZ ni thredi, sasa wanamtolea 1AZ wanamwekea 1AZ nyingine ya mtumba, hiyo mpya ina thredi za wapi? Si zile zile? Imetoka Japani haijulikani ilichemsha mara ngapi. Mama analipa 2,800,000 kununua ugonjwa ule ule kwa mwenzake.

#10 Nzovwe_Dada
@Mzee_wa_Viazi umesema kitu kikubwa sana baba.

Sasa yangu. Mwaka juzi nilikuwa na Noah kama hii hii. Ilianza kuchemsha, fundi wa kwanza akabadili gasketi na kuskimu hedi, jumla kama laki tano. Nikatembea nayo wiki TATU. Ikachemsha tena. Fundi wa pili kufungua akakuta bolti mbili za nyuma zinatoka kwa mkono, yaani hazishiki. Ile laki tano ikawa imekwenda na maji, maana wa kwanza alipokaza bolti alihisi zinazunguka bila kubana akanyamaza kimya. Huyo wa pili akapeleka bloku kwa watu wa mashine, wakachimba yale matundu wakaingiza thredi za chuma, helikoili wanaita, matundu yote 10 sio yale mawili tu. Ikaja kunigharimu milioni moja na laki mbili na nusu. Mpaka leo inatembea, juzi nimetoka nayo Dar, Kitonga nimepanda mchana na abiria saba na mshale haukusogea.

Kwahiyo mama pacha wote wawili wanaweza kuwa na makosa. Wa milioni nne anakurusha kwenye injini nyingine wakati bloku yako inatengenezeka, na wa 450,000 anaweza kukufungia gasketi juu ya thredi zilizokufa. Muulize huyo fundi wa jirani, akifungua akakuta thredi zimekufa anafanyaje na bei inakuwaje. Akikosa jibu muache.

#11 Tunduma_Mpakani
Mimi helikoili ziliniumiza. Aliyechimba alichimba kwa drili ya mkono, tundu moja likaenda upande, miezi mitatu hedi ikaanza kuvuja pale pale. Kwahiyo hiyo kazi inategemea mkono wa mtu na vifaa vyake. Mimi mwisho niliishia kununua injini, na ilinifaa, mpaka nauza ile gari ilikuwa nzima. Msiwaseme vibaya wote wanaoshauri injini.

#12 Mwalimu_wa_Fizikia
Wakuu mnakimbilia hedi haraka mno. Kuna vitu vya bei ndogo havijaangaliwa hapa.

Mbeya tuko juu ya mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Maji ya kawaida huku yanachemka kwenye nyuzi 94 au hapo karibu, sio 100. Kinachozuia gari zetu zisichemke kila siku ni mgandamizo ndani ya rejeta, na mgandamizo unashikwa na ule mfuniko. Angalieni juu yake imeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo kazi yake, mfuniko mzima unapandisha kiwango cha kuchemka kwa zaidi ya nyuzi 20. Mpira wake ukiliwa, maji yanachemka mapema, yanatoka kama mvuke, yanapungua na chini huoni tone. Dalili zote za mama pacha zimo humo! Mtu wa Dar akiwa na mfuniko uliochoka anaweza asijue mwaka mzima, sisi na milima hii tunajua siku ya kwanza.

Mfuniko ni elfu 15 au 20.

Dada unatumia kulanti au maji ya bomba?

#13 Mama_Pacha_Uyole
Maji ya bomba mwalimu. Niliambiwa kulanti ni ya nchi zenye barafu.

#14 Mwalimu_wa_Fizikia
Hapana dada, kulanti sio ya barafu tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka na ina dawa ya kuzuia kutu. Maji ya bomba miaka yanaleta uchafu unaoziba vijitundu vya rejeta na kula mapezi ya wota pampu. Aluminiamu ndio kabisa inaliwa.

#15 Kijana_wa_Kabwe
Mwalimu ametufundisha bila ada leo. Ila bado nasema IST.

#16 Kamwene_Ipogolo
@Kijana_wa_Kabwe wewe kila uzi IST, hata mtu akiuliza habari za trekta utasema IST 😂

Nimeendesha basi miaka mingi hii barabara na niongeze swali la kutenganisha. Mama, gari inachemsha ukiwa wapi? Ikichemsha umesimama, foleni ya Mafiati au Kabwe hapo, na ukianza kutembea inapoa, hiyo ni feni. Ukiwa mwendoni upepo unaipooza rejeta wenyewe. Ikichemsha kwenye kupanda na mzigo tu, tambarare haina neno, angalia rejeta kuziba au thamostati, ule mlango wa maji ya injini unaofunguka kwa joto, kutofunguka vizuri. Ikichemsha popote, hata asubuhi na baridi hii ya Juni, na mipira ya rejeta inakuwa migumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, hapo gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hiyo sasa ndio hedi.

Na wasikutolee thamostati wakakwambia ndio dawa. Kwa baridi ya huku injini haipati joto lake, inakunywa mafuta vibaya mno.

#17 Rungwe_Chai
Ugonile wote. La kupima mipira fanya asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa. Mfuniko usifungue ya moto hata ukiwa na haraka gani, shemeji yangu ana kovu kutoka kiwiko mpaka bega kwa ajili hiyo.

#18 Fundi_Sae
@Kamwene_Ipogolo umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi.

Sasa naomba niseme la upande wetu maana naona mnalizunguka. Mteja analeta gari, natumia saa nzima kuipima, namwambia tatizo, anasema "asante nitarudi", anaenda na majibu yangu kwa mtu mwingine anafungiwa kwa nusu bei. Mimi saa yangu nani kanilipa? Ndio maana gereji nyingine hazipimi, zinabahatisha tu zinakutajia injini nzima ili wasiharibu muda. Ukitaka upimwe kweli lipia kupimwa. Sema mapema, fundi naomba kupima tu, shilingi ngapi, 30,000 au 50,000, na uniandikie ulichoona na umekipima kwa kitu gani. Hapo hata ukiondoa gari hakuna ugomvi, mmemalizana. Mama pacha ndio namna ya kutoka pale: nenda kistaarabu, waambie kiasi ni kikubwa unahitaji kukaa na familia, waulize gharama ya uchunguzi ni ngapi, lipa, chukua risiti, beba gari kwenye bretdauni. Usiiendeshe.

#19 Nzovwe_Dada
Na risiti iwe ya EFD sio ya kuandika kwenye daftari.

#20 Mtumba_Orijino
Halafu ukienda kwa fundi wa pili USIMWAMBIE wa kwanza alisema nini. Hata bei usitaje. Mwambie gari inachemsha basi. Ukimtajia milioni nne ataanzia milioni tatu ujione umeokoa.

#21 Fundi_Sae
Bei usitaje, hapo sawa. Ila historia mwambie yote. Imechemsha mara ngapi, iliongezwa maji ikiwa ya moto au imepoa, ilishawahi kufunguliwa hedi au hapana. Ukificha historia unampa kazi ya kubahatisha na wewe ndio utalipia.

#22 Mtumba_Orijino
Historia sawa. Majibu ya fundi mwenzake hapana. Fundi akisikia jina la ugonjwa analifuata hilo hilo, au anakataa makusudi ili amponde mwenzie. Kila fundi akifungua boneti neno la kwanza ni "nani alikufungia hii?"

#23 Mzee_wa_Viazi
Hilo neno nimelisikia gereji zote kuanzia Makambako mpaka Songea.

#24 Tunduma_Mpakani
Kingine mama, kama mwisho utabadili injini kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Injini mpya ina namba nyingine, lazima ukabadilishe taarifa TRA, kwahiyo dai karatasi za hiyo injini ilikotoka. Mimi sikudai, siku ya kuuza mnunuzi akalinganisha namba na kadi akaondoka. Na ile ya zamani ni mali yako, usiwaachie, bloku na hedi vina wanunuzi.

#25 Mama_Pacha_Uyole
Wakuu Mungu awabariki. Nimeenda kama @Fundi_Sae alivyosema. Nilikuwa natetemeka lakini hawakuwa wabaya, yule meneja kasema nilipe 40,000 ya uchunguzi, nimelipa, risiti nimepewa. Nikamuuliza la taimingi belti akachukua karatasi akaangalia akasema "ni mkanda wa nje huo, wamekosea kuandika". Kwahiyo Fundi_Sae ulikuwa sahihi. Ila alipoiandika upya bei ya mkanda ikashuka ikawa 45,000 😳

Gari iko kwa fundi mwingine, sikumwambia chochote zaidi ya historia. Nitawaletea majibu.

#26 Mtumba_Orijino
Elfu 75 imerudi kwa swali moja!

#27 Mama_Pacha_Uyole
Mrejesho. Fundi huyu wa pili amekaa nayo asubuhi yote na mimi nimekaa hapo hapo kwenye kigoda naangalia. Alichokuta:

Mfuniko wa rejeta mpira umeliwa upande mmoja (mwalimu!!). Feni ziko mbili, aliwasha kiyoyozi zote zilitakiwa kuzunguka ila ikazunguka moja. Oili alichomoa stiki, nyeusi kawaida, haijachanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa. Mipira haikuwa migumu. Akaweka ile dawa ya bluu kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa inaunguruma, kasema gesi ya silinda ikiwepo inageuka njano, imebaki bluu. Nyuma ya injini kweli kuna chumvi kidogo, kasema inaweza kuwa ya zamani, kaisafisha aone kama itarudi.

Mfuniko, mota ya feni, kulanti na ufundi wake 165,000. Kasema tusifungue hedi kwanza.

#28 Kijana_wa_Kabwe
Kutoka milioni nne mpaka laki na nusu!! Wezi wale.

#29 Fundi_Sae
Taratibu @Kijana_wa_Kabwe. Nafurahi kwa ajili ya mama, na huyo fundi amepima kwa utaratibu, nampa heshima. Ila dawa ya bluu kubaki bluu sio cheti cha uzima. Thredi za 1AZ zinaachia injini ikiwa ya moto sana na ina mzigo. Ukiipima imesimama kwenye kivuli gereji, hedi imekaa zake imetulia. Na uvujaji wa nyuma unatoa maji nje, sio lazima gesi iingie ndani, kwahiyo dawa hiyo haiuoni. Kipimo cha huo ni pampu ya kujaza mgandamizo kwenye rejeta kisha unaacha unaangalia kama mshale unashuka. Alifanya?

#30 Mama_Pacha_Uyole
Hakufanya, kasema hiyo pampu kaiazimisha inarudi wiki ijayo.

#31 Mwalimu_wa_Fizikia
Mimi nasimama na mfuniko na feni. Vitu viwili vibovu vimeonekana kwa macho na vinatosha kabisa kueleza kilichotokea Mlima Nyoka na gunia sita. Chumvi ya nyuma inaweza kuwa imerukia huko siku ile ya kuchemka.

#32 Nzovwe_Dada
Mwalimu nakuheshimu ila hata yangu ilikuwa na feni mbovu. Wakabadili feni nikashangilia. Baadaye ndio nikajua kwamba feni iliua hedi, yaani feni ilikufa kwanza, gari ikachemsha, kuchemsha kukamaliza thredi. Kutibu feni hakurudishi thredi.

#33 Kamwene_Ipogolo
Au thredi zilianza, maji yakapungua, ndio joto likala mfuniko. Kuku na yai hapo.

#34 Mama_Pacha_Uyole
Siku ya tatu leo. Nimeenda Igawilo na kurudi kila siku, mshale haujasogea hata kidogo. Ila maji kwenye chupa ya akiba yamepungua kama upana wa kidole. Sijalala vizuri.

#35 Rungwe_Chai
Kidole siku ya kwanza mpaka ya tatu baada ya kujaza kulanti upya ni kawaida, hewa iliyonasa ndani inatoka na maji yanashuka kujaza nafasi. Jaza mpaka alama, kisha usiongeze tena, angalia.

#36 Tunduma_Mpakani
Au ni hedi inakunywa taratibu. Mimi nilidanganywa na hewa hiyo hiyo miezi miwili.

#37 Fundi_Sae
Weka alama kwa maka pen kwenye chupa, asubuhi gari ikiwa ya baridi. Na ile sehemu ya nyuma iliyosafishwa piga picha leo, ukitoka safari piga tena. Pampu ikirudi wiki ijayo lipia kipimo hata kama inatembea vizuri. VICOBA usikope kwanza.

#38 Mzee_wa_Viazi
Na mchele usibebe.

#39 Mama_Pacha_Uyole
Nimeweka alama saa 12 asubuhi. Nashuka Tukuyu kwa mama, peke yangu, bila mzigo, mdogo wangu kabaki na namba ya bretdauni.

#40 Rungwe_Chai
Ukifika Kiwira simama ipoe uangalie. Kushuka sio mtihani, mtihani ni kurudi, kupanda kwenda Isyonje. Usizime injini ghafla ukiwa na joto, iache iungurume kidogo.

#41 Mama_Pacha_Uyole
Nimetoka kwa mama, niko Kiwira sasa hivi. Nimesubiri imepoa, maji yako kwenye alama. Nyuma pakavu, picha naituma nikipata mtandao mzuri. Naanza kupanda.